Simu Mfukoni, Redio Mkononi

Askari mwenye redio ya upepo katika zamu ya usiku huko Dadamu, kando ya mji wa Arua, huenda akajua kwamba simu iliyo mfukoni mwake inakaribia kulia kabla haijalia. Redio humtangulizia habari kwa mkwaruzo mkavu: trrr, trrr. Wengine hudhani adui anawasikiliza. Sivyo. Simu ya mtindo wa GSM haitoi mawimbi mfululizo, bali huyatupa kwa mipigo 217 kila sekunde, na nyaya za kipaza sauti zilizo karibu huigeuza mipigo hiyo kuwa mlio. Isogezwe hatua moja au mbili, mlio hufifia.

Jambo hili si dogo. Katika amri ya "msifyatue", mkwaruzo ukimeza ile "msi" ya mwanzo, kinachosikika ni kinyume chake. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, manowari ya Uingereza HMS Sheffield ilikuwa ikipeleka habari kwa setilaiti, na mtambo huo ukakitatiza chombo chake chenyewe cha kunasa rada za adui. Kombora la Exocet likaipiga, wakafa watu 20.

Ama kuhusu afya, maneno ni mengi kuliko ushahidi. Mawimbi ya simu si kama miale ya eksirei. Athari yake iliyothibitika ni kupasha mwili joto. Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka katika kundi la mambo ambayo huenda yakaleta saratani, maana ushahidi haukutosha kukata shauri. Mwaka 2024 uchambuzi ulioagizwa na Shirika hilohilo haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo.

Ajabu ni kwamba wanaoukimbia mnara huiongezea simu kazi. Karibu na mnara, simu hunong'ona. Mbali nao, katika mabonde ya njia iendayo Koboko, hupandisha nguvu zake hata kufikia wati 2. Tena huko mpakani yaweza kunaswa na mnara wa Congo, na taarifa ya askari ikapitia mitambo ya nchi nyingine. Hilo halidhuru sikio, bali linadhuru siri.

Redio ya mkononi ya askari mara nyingi hutoa wati 5, nayo haiogopwi! Antena ya redio kubwa ya garini, yenye wati 100, yaweza kumbabua aishikaye wakati mwenzake anazungumza. Na penye baruti yenye viwashio vya umeme, redio na simu zote huzimwa kabla ya kufika mahali hapo, kwa sababu waya wa kiwashio nao ni antena, na hauchagui mawimbi ya rafiki wala ya adui.