Fahamu: Vihami vinavyogeuka metali ukiviwekea volti

Kwa hesabu za fizikia ya miaka ya 1930, oksidi ya nikeli ilipaswa kupitisha umeme. Haipitishi; ni kihami. Nevill Mott wa Uingereza, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1977, alieleza sababu: elektroni zake husukumana kwa nguvu kiasi kwamba kila moja hunasa kwenye atomu yake, kama abiria wa daladala iliyoshona, watu tele na hakuna anayesogea.

Ukiweka volti ndogo kwenye kihami cha aina hii, karibu hakuna kinachotokea. Ukivuka kizingiti fulani, ukinzani huporomoka ghafla. Mfano unaonisisimua zaidi ni fuwele ya kalsiamu, rutheniamu na oksijeni, Ca₂RuO₄. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walionyesha kwamba volti 40 hivi kwa sentimita, katika joto la kawaida la chumba, zinatosha kuigeuza metali. Ni kidogo mno kuliko ilivyodhaniwa! Fuwele yenyewe hubadilika umbo, na mkondo ukiendelea kupita hubaki metali hata ikipozwa.

Ubishi mkubwa ni kama kinacholeta mgeuko huu ni volti yenyewe au joto. Mkondo hupasha moto kila unapopita, na dioksidi ya vanadi, kwa mfano, hugeuka metali ikifika nyuzi 68 hivi za Selsiasi hata bila volti. Ndiyo maana wapimaji hufuatilia halijoto ya sampuli kwa makini wakati wote wa jaribio.