PICHA ZA KARIBU KWA BIDHAA NDOGO: ANZA NA MWANGA, HALAFU TUNDU LA LENZI

Leo naongea na wale wanaouza vitu vidogo mtandaoni: hereni, pete, cheni, saa, vifungo, shanga. Mimi nauza urembo wa aina hiyo hapa Dar, duka langu ni meza moja na simu moja. Kupiga picha sikusomea popote. Nilimaliza kidato cha nne nikaingia sokoni, haya nimeyapata kwa kusoma na kujaribu kila siku.

Kwanza tukumbushane kwa nini tunahangaika. Mteja wa dukani anashika kitu, anakigeuza, anakipeleka mlangoni akione vizuri. Mteja wa mtandaoni ana picha yako tu. Shanga za maruni zikionekana nyekundu kwenye picha, boda akifika mteja anasema "siyo hii niliyochagua" na mzigo unarudi. Nauli ya kwenda na kurudi ni yako, na huyo mteja ndo basi tena. Kwa sisi tunaopata faida ndogo kwenye kila pea, mzigo mmoja ukirudi unameza faida ya pea kadhaa. Kwa hiyo lengo la picha ya karibu ni moja: mteja apokee kile kile alichokiona.

1. FUTA LENZI
Simu inakaa mfukoni, inashikwa na mikono yenye mafuta. Lenzi ikiwa na alama za vidole, mwanga unatawanyika na picha inakuwa kama ina ukungu. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Fanya hivi kila unapoanza.

2. TAFUTA KIVULI CHENYE MWANGA
Jua la saa sita mchana halifai. Linatengeneza vivuli vyeusi, na kwenye vitu vinavyong'aa linaweka doa jeupe linaloficha nakshi. Flashi ya simu nayo ni hivyo hivyo, maana taa ni ndogo na inapiga moja kwa moja.

Kaa barazani kwenye kivuli, au weka meza pembeni ya dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Mwanga utokee ubavuni mwa bidhaa. Ukitokea ubavuni, kila shanga inapata upande wa mwanga na upande wa kivuli, na mteja anaona umbo lake. Kama jua linapiga dirishani, weka pazia jeupe jepesi. Upande wa pili simamisha karatasi ya manila nyeupe ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Karatasi hiyo moja inafanya kazi kubwa kuliko taa nyingi za bei rahisi.

3. USICHANGANYE MIANGA
Balbu ya njano na mwanga wa dirishani vina rangi tofauti. Ukiviweka pamoja, simu inashindwa kuvisawazisha vyote, upande mmoja unakuwa wa njano na mwingine wa bluu. Zima balbu. Angalia pia ukuta: ukuta wa kijani ulio karibu unapaka kijani kwenye bidhaa nyeupe. Hata fulana yako nyekundu inaweza kuonekana ndani ya pete inayong'aa! Kitu kinachong'aa ni kioo, kwa hiyo kizungushie vitu vyeupe.

4. USISOGEE KARIBU MNO
Hapa ndipo wengi wanakwama. Kila lenzi ina umbali ambao ukiupita haishiki fokasi tena. Halafu kadiri unavyosogea karibu, ndivyo sehemu iliyo kwenye fokasi inavyokuwa nyembamba. Unaweza kukuta ndoana ya hereni inaonekana safi na shanga za chini zimefifia.

Dawa yake: rudi nyuma kidogo, piga, halafu kata picha pembeni. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, itumie. Gusa kwenye kioo pale unapotaka fokasi, shikilia mpaka ijifunge, kisha punguza au ongeza mwanga kwa kidole. Kitu kilicho bapa, kama kidani, kipige simu ikiwa sambamba nacho, kiingie chote kwenye fokasi.

Ile modi ya kufifisha nyuma iache kwa picha za watu. Ufifi wake kwenye simu nyingi unatengenezwa na programu, na programu hiyo mara nyingi inakata cheni nyembamba na ndoana za hereni ikidhani ni sehemu ya nyuma.

5. IJUE NAMBA YA TUNDU
Ndani ya lenzi kuna tundu la kupitisha mwanga. Kipimo chake kinaandikwa f/1.8, f/4, f/11 na kuendelea. Namba ndogo, tundu kubwa. Isikuchanganye, ni sehemu kama za darasani: nusu ya mkate ni kubwa kuliko moja ya kumi. Lenzi ya mm 50 ikiwekwa f/2, tundu lina upana wa mm 25. Ikiwekwa f/10, ni mm 5.

Tundu kubwa linaingiza mwanga mwingi lakini fokasi inakuwa nyembamba. Tundu dogo linafanya kinyume chake. Kwenye simu nyingi tundu halibadiliki, ndo maana nimekwambia urudi nyuma. Ila ukiazima au kununua kamera, kwa vitu vidogo anza na f/8 mpaka f/11. Usikimbilie f/22, maana tundu likiwa dogo sana mwanga unapinda na picha nzima inapoteza ukali.

Kumbuka kuna gharama. Kutoka f/2.8 kwenda f/8 mwanga unaoingia unabaki moja ya nane. Kama ulikuwa unapiga kwa 1/80 ya sekunde, sasa unahitaji 1/10, na hapo mkono lazima utikise picha. Weka kamera kwenye stendi au juu ya vitabu, tumia kihesabu cha sekunde 2, ubonyeze na kuachia. Kwa simu pia inasaidia sana.

6. ONYESHA UKUBWA NA KASORO
Picha ya karibu inafanya hereni ndogo ionekane kama bangili. Kwa hiyo kila bidhaa iwe na picha moja pembeni ya rula au sarafu, na moja ikiwa imevaliwa. Kama kuna shanga iliyopishana rangi, ipige karibu uiweke wazi. Mteja aliyeiona kabla ya kulipa hana cha kukulaumu.

KAZI YA LEO
Chukua bidhaa moja tu. Ipige dirishani mara nne: kwa karibu sana, kwa kurudi nyuma, bila manila na ukiwa na manila. Kisha shika simu mkono mmoja, bidhaa mkono mwingine, ulinganishe rangi ukiwa nje kivulini. Picha inayofanana na kitu ulichoshika ndiyo ya kupandisha.

Biashara njema, wateja waje na mizigo isirudi.