Kompyuta Iko Stoo, Picha Iko Sebuleni

Nyumbani kwetu Tanga, kompyuta inayotunza mambo yote ya familia inakaa stoo, juu ya rafu, haina skrini wala kibodi. Ndani yake mna video za harusi za dada zangu, picha za babu, na hesabu za kikoba anachokiongoza mama. Siku ya kikao, daftari la mikopo hufunguliwa kwenye televisheni ya sebuleni na kila mwanachama analiona deni lake kwa macho yake. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuhalalisha kazi yote.

Swali la kwanza la wageni ni bando. Haliguswi. Picha inatoka stoo, inapitia kwenye ruta na kuingia sebuleni bila kuvuka ukuta wa nyumba. Hata intaneti ikikatika, kikao kinaendelea.

Kazi kubwa ni kuupunguza mzigo. Skrini yenye nukta 1920 kwa 1080, ikichorwa mara 60 kwa sekunde, hutoa karibu gigabiti 3 kila sekunde, na waya wa kawaida wa nyumbani hubeba gigabiti 1. Kwa hiyo kadi ya picha huibana video kwanza, mara nyingi kwa mtindo wa H.264 uliotoka mwaka 2003: badala ya kutuma kila picha nzima, hutuma zaidi yale yaliyobadilika. Megabiti 20 hivi zinatosha, na televisheni huifumua upande wa pili.

Programu ninazotumia ni Sunshine kwenye kompyuta na Moonlight kwenye televisheni ya Android. Zote ni za bure. Moonlight ilianzishwa mwaka 2013 na wanafunzi wa Marekani kwa ajili ya wacheza gemu, watu wasiovumilia kusubiri hata kidogo. Ilitegemea huduma ya NVIDIA, ambayo kampuni hiyo iliacha kuihudumia mwaka 2023. Sunshine ndiyo iliyoziba pengo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuendeleza. Ndiyo maana naiamini.

Kompyuta isiyo na skrini mara nyingi haichori chochote, basi chomeka plagi bandia ya HDMI ili idhani skrini ipo. Kisha vuta waya. Nasisitiza waya, kwa sababu Wi-Fi ya gigahezi 2.4 inagombaniwa na majirani, na ile ya 5 hudhoofishwa na kuta zetu za matofali ya saruji. Waya wa Cat 5e hufika mita 100. Wa kwetu umepita juu ya dari. Kwenye televisheni washa modi ya gemu, la sivyo itaanza kuiremba picha kwanza na mshale wa kipanya utachelewa kuufuata mkono.

Mara ya kwanza kuunganisha, televisheni huonyesha tarakimu 4, nawe unaziandika kwenye ukurasa wa Sunshine. Fanya hivyo kwa vifaa vya nyumbani tu. Kifaa kilichokubaliwa kinaweza kuishika kompyuta nzima: kufungua faili, kufuta, kuandika. Na kwenye ruta, usiifungulie Sunshine njia ya kutoka nje.