Je, vifaa vya mazoezi huzuia maumivu ya misuli?

Mashindano ya Tamasha la Utamaduni la Lamu yanapokaribia, wapo vijana wanaokumbuka mazoezi siku mbili tatu tu kabla ya siku yenyewe. Siku ikifika, mapaja hayakunjiki na mikono hainyanyuki. Ndipo wanapouliza: je, soksi za kubana, maji ya barafu au baiskeli maalumu za mazoezi zingesaidia?

Chanzo cha maumivu

Wengi huamini kwamba maumivu haya huletwa na asidi iliyobaki ndani ya misuli. Sivyo. Asidi hiyo huondoka kwa muda wa saa moja hivi ya mapumziko, ilhali maumivu huanza baada ya saa 12 hadi 24, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha huisha ndani ya wiki. Tangu mwaka 1902, Mmarekani Theodore Hough alieleza kwamba kinachouma ni nyuzi ndogo zilizochanika ndani ya msuli.

Si kila kazi huchana nyuzi hizo. Baharia anapovuta kamba kutweka tanga, msuli hufanya kazi huku ukijikunja. Huchoka, lakini hauumii sana. Anapozuia foromali isishuke kwa kishindo, au mchukuzi anapoteremka ngazi za nyumba ya mawe na mzigo begani, msuli hufanya kazi huku ukivutwa. Hapo ndipo unapochanika.

Baiskeli mbili, mnyororo mmoja

Kwa sababu hiyo, baiskeli ya kawaida haileti maumivu mengi ya namna hii: mguu husukuma tu. Mwaka 1952, wanasayansi Abbott, Bigland na Ritchie wa Uingereza waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo mmoja. Mmoja alipiga pedali kwenda mbele, mwenzake akazuia. Ilionekana kwamba anayezuia hutumia hewa ya oksijeni kidogo mno kuliko anayesukuma, ingawa nguvu zao ni sawa.

Leo kuna baiskeli za mazoezi ambazo mota husukuma pedali na mtu huzuia. Hutumiwa hata na wagonjwa wa moyo na mapafu, kwa kuwa huipa miguu nguvu bila kuusumbua moyo sana. Lakini asiyezoea akianza kwa pupa, baiskeli hiyo hiyo itamletea maumivu makali. Kinachomlinda ni kuanza kidogo kidogo na kuongeza kwa wiki kadhaa.

Na vifaa vingine?

Soksi za kubana, maji baridi na kuchuliwa hupunguza maumivu kidogo, wala haviponyi msuli kwa haraka ya ajabu. Kujinyoosha kabla au baada ya mazoezi hakuzuii maumivu haya kwa kiasi cha maana.

Kinga iliyo bora haina bei. Msuli ulioonja kazi fulani kidogo hujikinga na kazi hiyo hiyo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo:

• Anza mazoezi wiki tatu au nne kabla ya mashindano.
• Fanya kazi ile ile utakayoshindania: mwogeleaji aogelee, baharia avute kamba.
• Ongeza polepole, na siku chache za mwisho ufanye mazoezi mepesi.

Dalili za hatari

Maumivu ya kawaida huisha yenyewe. Lakini mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya mkandaa au kahawa, misuli ikivimba na kulegea, hiyo ni hatari. Misuli iliyoharibika sana humwaga katika damu vitu vinavyoweza kuziba figo. Jua kali na upungufu wa maji mwilini huzidisha hatari hiyo. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki nazo huzidisha, maana zinaweza kuzidhuru figo za mtu asiye na maji ya kutosha. Usizimeze ili uendelee na kazi.

Mwenye dalili hizo aende hospitali siku hiyo hiyo. Aliyeko Ndau au Kiwayu asingoje hali izidi, kwani kuna safari ya boti mbele yake. Figo zikiwahiwa, mara nyingi hupona. Zikicheleweshwa, huenda mgonjwa akahitaji mashine ya kusafisha damu.