Hisani Yapimwa na Nani? Habari za Butembo na Beni (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza asili ya mashirika ya hisani katika nchi zetu. Leo yatupasa kuuliza lililo zito zaidi, yaani mashirika hayo yapo kwa ajili ya nani, nasi tutalitafutia jawabu Butembo na Beni, miji ya Kivu ya Kaskazini ambako swali hilo lilitoza roho za watu.

Serikali ya Kongo ilipotangaza, tarehe 1 Agosti 2018, kwamba Ebola imezuka upande wa Mangina, wenyeji wa Beni walikuwa wakizika jamaa zao waliochinjwa tangu Oktoba 2014, wala katika miaka yote hiyo hawakupata kuona msaada mfano wa ule uliomiminika sasa, magari, fedha na wataalamu, kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Mwezi wa Desemba wakanyimwa na kura pia, kwani uchaguzi wao uliahirishwa hadi Machi kwa hoja ya Ebola na ukosefu wa amani. Basi shaka ikaingia nyoyoni, na watu wakanena waziwazi juu ya biashara ya Ebola. Februari 2019 vituo vya Madaktari Wasio na Mipaka, Katwa na Butembo, vilishambuliwa; tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, akauawa hospitalini Butembo. Kumwua tabibu ni dhuluma isiyo na udhuru, nami sisemi haya ili kuwatetea wauaji. Lakini ghadhabu ya raia wasio na silaha ilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ndiyo inayotuhusu.

Mashirika yalijihesabu kuwa yamekuja kuushinda ugonjwa, na maadamu kusudi lilikuwa hilo, mgonjwa alionekana kama hatari ya kutengwa, na maiti kama kitu cha kuondolewa upesi. Palipokumbukwa kwamba mgonjwa ana mama yake, mambo yalikwenda vingine: huko Beni shirika la ALIMA liliweka vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, jamaa wakapata kumwona mtu wao na kusema naye. Tena mwishoni mwa Novemba 2018 dawa za malaria zilianza kugawiwa Beni, kwa watu wapatao 450,000 waliokusudiwa, kwa kuwa homa hiyo ilikuwa imezidi na dalili zake za mwanzo hufanana na za Ebola. Hapo msaada ulikutana na haja ya watu wenyewe.

Janga lilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, likiwa limeua watu 2,287. Na surua, ambayo haikutajwa sana ng'ambo, tangu mwanzo wa 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo nzima, aghalabu watoto.

Kwa hiyo nawasihi wasimamizi wa mashirika, kabla ya kuandika mpango wa mwaka ujao, waketi na wakuu wa mitaa, wauguzi wa vituo vya afya na akina mama wa sokoni, wawaulize dhiki iliyo kubwa ni ipi, na hesabu ya fedha isomwe mbele yao kabla haijapelekwa kwa wafadhili.