Popobawa na Kanuni za Filamu ya Kutisha
Mwandishi wa mswada wa filamu, yaani maandishi yanayoeleza kila onyesho na maneno ya wahusika, hana haja ya kuazima zimwi la mbali, kwani mwaka 1995 hofu ya zimwi liitwalo Popobawa ilianzia kisiwa cha Pemba, Zanzibar, ikaenea hadi Unguja, na watu wengi wakahama vyumba vyao, wakalala nje pamoja wakiota moto. Hofu hiyo inabeba kanuni kuu za utanzu wa filamu za kutisha. Ya kwanza ni kuficha: katika filamu ya Jaws ya mwaka 1975, mwongozaji Steven Spielberg alichelewa kumwonyesha papa, na vivyo hivyo katika vichochoro vya Mji Mkongwe, kivuli cha bawa kinachopita juu ya ukuta wa chokaa hutisha kuliko mwili mzima. Ya pili ni sharti la zimwi: Popobawa husemekana kumtaka aliyeshambuliwa awasimulie wenzake, la sivyo atarudi, hivyo kimya chenyewe huwa hatari. Ya tatu ni maana, kwa kuwa zimwi hubeba wasiwasi wa jamii, na mwaka 1995 ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya Zanzibar. Mswada bora utawaheshimu waliokesha kwa hofu ya kweli.