Herufi ya Kiendeshi: Jina Libadilikapo na Kitu Kisibadilike

Mwanafunzi wa fasihi simulizi arejeapo kutoka nyanjani hubeba mali yake yote katika kifaa kisichozidi kidole gumba. Mwandishi wa makala haya alikuwa amerekodi masimulizi ya wavuvi katika ufuo wa Kamere, upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, sauti ya muda wa saa saba hivi, kisha akaenda kuzinakili katika kituo kimoja cha kompyuta papo hapo mtaani. Kompyuta ilikuwa kongwe, ya mezani, yenye mfumo wa Windows XP. Flashi ilipochomekwa, taa yake iliwaka na mlio wa kuipokea ukasikika, ila katika orodha ya viendeshi hakikuonekana kitu. "Flashi imekufa hii, tuifomati tu," alisema kijana wa kituo, kwa nia njema kabisa. Tungalimsikiliza, sauti za wazee wale zingalipotea.

Flashi haikuwa imekufa. Ilikuwa imekosa herufi. Makala haya yananuia kueleza herufi hizo ni nini na hubadilishwaje katika kompyuta za aina hiyo, ambazo zingali zinatumika hapa na pale ingawa Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo wa Windows XP mnamo Aprili 2014.

Utaratibu wa kuviita viendeshi kwa herufi ulienezwa katika kompyuta ndogo na mfumo wa CP/M, uliobuniwa na Gary Kildall katika miaka ya 1970. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, pamoja na mfumo wake wa DOS, iliurithi. A na B zilikuwa za disketi. Diski ngumu ilipoingia katika muundo wa IBM PC/XT mwaka 1983, ikiwa na megabaiti 10 tu, ilipewa C, na C imebaki kuwa makao ya mfumo hata katika kompyuta zisizojua disketi ni nini. (Mwanaisimu atatabasamu: herufi ambayo katika Kiswahili sanifu haisimami bila kuegemea H ndiyo iliyopewa kiti cha mbele, na Q na X, tusizozihitaji katika alfabeti yetu, zimo katika orodha ya viendeshi pia.) Katika kompyuta yenye mlango mmoja wa disketi, A na B zote mbili zilimaanisha mlango ule ule, mashine ilimwomba mtumiaji atoe disketi moja na kutia nyingine. Tangu awali, basi, herufi ilikuwa jina la kuitia, wala haikuwa kitu chenyewe.

Hapa istilahi yetu inahitaji uangalifu. Neno kiendeshi hutumiwa kwa mtambo unaozungusha diski, kwa diski yenyewe, na kwa sehemu mojawapo ya diski hiyo. Mkanganyiko huu tumeurithi kutoka Kiingereza. Hata hivyo, herufi hupewa sehemu. Diski ngumu moja ikigawanywa mara mbili, mtumiaji huona C na D na kudhani ana diski mbili. Nimewaona wanafunzi wenzangu wakihifadhi tasnifu katika C na nakala ya tahadhari katika D, wakalala usingizi mnono, ilhali C na D zimo katika chuma kimoja kitakachoharibika siku moja. Ningependekeza tuseme "sehemu D" pale tunapomaanisha sehemu, na neno kiendeshi tuliachie mtambo. Uteuzi wa aina hii si jambo geni kwetu. Wafasiri wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walilazimika kuamua maneno mengi ya jinsi hii.

Katika DOS na Windows 98, herufi za diski ngumu ziligawanywa upya kila kompyuta ilipowashwa. Sehemu ya msingi ya diski ya kwanza ilichukua C, sehemu ya msingi ya diski ya pili ikachukua D, ndipo zilipofuata sehemu za ziada za diski ya kwanza. Fundi akiongeza diski ya pili, iliyokuwa D jana inageuka E leo, na kila programu iliyozoea kubisha hodi D inafunguliwa na mgeni. Mfumo wenyewe haukumpa mtumiaji zana ya kuzibadilisha herufi hizo. Aliweza kufanya hivyo kwa kiendeshi cha CD tu na vifaa vya kutolewa. Windows XP ina kumbukumbu. Huandika katika sajili yake, kwenye tawi liitwalo MountedDevices, kwamba sehemu fulani iliitwa herufi fulani, na kuirejeshea jina hilo siku nyingine.

Lakini XP ina kasoro moja. Kifaa kigeni kikiingia, hupewa herufi ya kwanza iliyo wazi miongoni mwa zile za vifaa vya ndani, pasi na kuangalia vyema herufi zilizoazimwa na folda za mtandao. Kompyuta ile ya Kamere ilikuwa na C na D za diski ngumu, E ya CD, na F iliyoelekezwa kwenye folda ya pamoja katika kompyuta ya kaunta. Flashi ilipewa F. Wawili wakaitika jina moja, na folda ya mtandao ndiyo iliyoonekana.

Dawa yake ni hii. Ingia kwa akaunti ya msimamizi. Katika menyu ya kuanzia, chagua amri ya kuendesha programu, andika diskmgmt.msc, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Litafunguka dirisha linaloonyesha diski zote kwa michoro. Itafute flashi kwa ukubwa wake. Ikiwa imeandikwa FAT32 au NTFS, mpangilio wake wa mafaili unatambulika, na yamkini tatizo ni la jina tu. Ikiwa imeandikwa RAW, mpangilio huo hausomeki. Maradhi ni mengine, na kubadilisha herufi hakutaitibu. Bofya sehemu hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague amri ya kubadilisha herufi. Palipo na herufi, ibadilishe. Pasipo na herufi, ongeza. Chagua iliyo mbali na msongamano, mathalani U, kisha ukubali.

Katika menyu hiyo hiyo, mstari unaofuata amri ya kubadilisha herufi ndio wenye amri ya kufomati, na chini yake kuna ya kufuta sehemu nzima. Kubadilisha herufi hakugusi faili hata moja, ilhali kufomati huivunja daftari inayoiambia kompyuta faili ziko wapi. Mkono usiwe na haraka hapo.

Zana hii hukataa kuibadilisha herufi ya sehemu iliyobeba mfumo wenyewe, ambayo aghalabu ni C, kwa kuwa programu na sajili huitana kwa anwani zinazoanza na herufi hiyo. D hukubali, lakini nayo ina wanaoijua. Tasnifu iliyounganishwa na picha zilizo katika D:\Picha haitaziona picha hizo D ikiitwa K, japo zimo mle mle. Herufi ya zamani ikirudishwa, huonekana tena.

Flashi yetu ilifunguka kwa jina la U, na rekodi zote zilikuwamo. Kompyuta ile huikumbuka kwa herufi hiyo kila irudipo. Lakini flashi nyingine yoyote ngeni ingeendelea kupewa F na kufichika nyuma ya folda ya mtandao, hadi folda hiyo ihamishiwe herufi ya mbali. Mwenye kituo aliihamishia Z jioni ile ile, kabla ya kufunga.